Asali ya Tabora na alama ya kilimo hai: mnunuzi analipia nini?

Ukipita sokoni Tabora mjini utakuta asali ya kila namna: ya kwenye madumu, ya kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika, na ya kwenye chupa mpya zenye lebo ya rangi iliyoandikwa "asilia asilimia 100". Maandishi hayo peke yake hayamhakikishii mnunuzi kitu. Yeyote mwenye pesa ya kuchapisha stika anaweza kuyabandika.

Alama ya kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani, ni habari nyingine. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai, na alama yake inaitwa Kilimohai. Huitumii mpaka ukaguliwe, ama na kampuni ya uthibitishaji, ama kwa mfumo shirikishi ambamo wazalishaji wa kikundi hukaguana. Kwa asali, ukaguzi hauishii kwenye chupa. Huulizwa mzinga umetundikwa wapi, nyuki wanatafuta chakula wapi, nta imetoka wapi. Kwa asali inayouzwa kwake kama ya kilimo hai, Umoja wa Ulaya unataka eneo la kilomita 3 kuzunguka manzuki, yaani mahali penye mizinga, liwe zaidi la uoto wa asili au mazao yasiyotiwa kemikali za viwandani.

Kwa Tabora sharti hilo ni zito. Ndani kabisa ya misitu ya miyombo, kama ile ya Sikonge, hakuna anayepuliza dawa. Lakini mkoa huu huu ndio wa tumbaku, na tumbaku hupigwa dawa; nyuki naye hajui mpaka wa shamba. Chupa mbili zinaweza kufanana rangi na utamu, moja imetoka msituni, nyingine kando ya shamba la tumbaku Urambo au Kaliua. Ulimi hautakuambia. Ndiyo maana naitetea alama.

Wanaoilalamikia nao wana hoja, na mimi naikubali. Uthibitisho wa kampuni ni ghali. Mrina asali mwenye mizinga michache porini hawezi kuulipia peke yake, hivyo asali yake, pengine safi kuliko zote, inauzwa bila alama. Kukosa alama si ushahidi wa uchafu.

Tena alama haisemi mengi ambayo watu huisingizia. Haimaanishi asali ina sukari kidogo, kwa hiyo mgonjwa wa kisukari asijidanganye. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali yoyote, yenye alama au isiyo nayo. Ubora na usalama wa bidhaa una alama yake, ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na hiyo haihusiani na kilimo hai. Hata kilimo hai chenyewe huruhusu baadhi ya viuatilifu vya asili, kama pareto. Na kuna hili linaloniuma: asali inaweza kukosa kemikali hata chembe huku mti uliobanduliwa gome la kutengenezea mzinga umekaukia porini.

Penye alama, tafuta jina la aliyethibitisha na namba ya uthibitisho. Pasipo na alama, muulize muuzaji imerinwa kijiji gani, lini, na kwenye mzinga wa aina gani. Anayejua asali yake atajibu papo hapo. Aliyenunua dumu kwa mtu wa tatu atababaika, na huyo hana sababu ya kukutoza bei ya juu kwa sababu ya stika.