Vibao vya kukinga jua visifanane pande zote

Mwandishi wa makala kuhusu ghorofa jipya la ofisi hapa Mwanza anasifu vibao vyake vya alumini vya kukinga jua, eti vimelazwa pande zote nne kwa mtindo mmoja. Hapo mimi napinga. Mwanza tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita liko utosini, kibao cha kulala kinalikata vizuri. La saa kumi je? Linakuja chinichini, linapenya katikati ya vibao. Upande wa magharibi wangeweka vya kusimama, tena vimegeuzwa kidogo. Ofisi yangu inatazama huko: tumebandika magazeti kwenye kioo, kiyoyozi kinanguruma, na upepo wa ziwa unapita nje maana madirisha hayafunguki. Halafu kinyesi cha ndege kwenye hivyo vibao atakifuta nani?