Roma ya kutembea na Roma ya picha

Katika sakafu ya kanisa la Sant'Ignazio mjini Roma kuna kisahani cha marumaru. Ukisimama juu yake na kuinua macho, unaona kuba refu lenye nguzo na madirisha. Sogea kuelekea madhabahuni, nguzo zinaanza kupinda, kuba zima linalala upande, na mwisho unabaki na turubai tambarare tu. Andrea Pozzo alilichora mwaka 1685, kwa kuwa kuba lenyewe halikujengwa.

Hoja ya wanaotaka mwanafunzi wa sanaa na usanifu majengo apelekwe uwandani inaanzia hapo, na ina uzito. Picha nyingi za kazi hii hupigwa pale pale kwenye kisahani. Anayezitegemea anaona hila imefaulu, ila hajui inavunjika wapi. Vivyo hivyo kwa mchoro wa Caravaggio katika kanisa la San Luigi dei Francesi. Kitabuni, mwanga unaomwangukia Mathayo mtoza ushuru hauna asili. Ukiwa mle ndani unaona dirisha halisi juu ya madhabahu, na nuru ya mchoro inatoka upande huo huo. Mchoraji aliufikiria ukuta pamoja na turubai.

Hata hivyo, kuna vitu ambavyo ukivifuata mahali pake huvioni. Nguzo ya Trajan, kumbukumbu ya vita vya kaizari huyo mjini Roma, iliyozinduliwa mwaka 113, ina kimo cha takriban mita 38 pamoja na msingi wake, na michongo imeizunguka hadi juu. Aliye chini anaisoma mizunguko michache, kisha shingo inachoka na askari wanageuka mikwaruzo. Nakala ya jasi iliyoko kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, imekatwa vipande viwili, nawe unaitazama kwa karibu. Zaidi ya hapo, ilifinyangwa katika karne ya 19, kabla moshi wa magari haujaila marumaru. Kwa swali la zana za askari wa Kirumi, mimi ningekwenda London kabla ya Roma.

Tena mahali penyewe si lazima pawe na kitu chenyewe. Sanamu ya kaizari Marcus Aurelius aliyepanda farasi, katika uwanja wa kilima cha Capitolium mjini Roma, ni nakala. Ya asili iko ndani ya makumbusho. Na wengi hawafiki kabisa, kwa viza au nauli, na si haki elimu yao ihesabiwe nusu.

Kinachonisikitisha zaidi ni safari zinavyopangwa: makanisa kumi kwa siku, simu mkononi, na picha zinazorudi nyumbani ni hafifu kuliko zile za maktaba. Safari ya namna hiyo inawapa hoja wanaoipinga. Afadhali majengo matatu kwa wiki nzima, na penseli.

Chukua Pantheon, hekalu la kale la Roma, yenye tundu la zaidi ya mita 8 kileleni mwa kuba. Anayepita kwa dakika ishirini anaondoka na doa moja la nuru. Aliyekuja asubuhi na daftari analichora likishuka upande wa magharibi, adhuhuri liko upande wa mlango, alasiri linapanda mashariki.