Skrini ilale mapema, kompyuta isubiri

Duka moja la steshenari kule Mbagala ninalihudumia kama fundi. Mwaka jana mama mwenye duka aliniita kwa sababu Luku, umeme wake wa kulipia kabla, ilikuwa inaisha kabla ya wakati. Kompyuta zake sita za mezani zilikuwa zinakesha. Tukapiga hesabu pale kaunta, nyuma ya risiti. Kompyuta kama zile ikiwaka bila kazi hula kama wati 50, na skrini yake wati 20. Anafunga saa moja usiku, anafungua saa tatu asubuhi. Wati 70 kwa saa 14 ni karibu uniti nzima (wati 1,000 kwa saa moja) kwa kila mashine. Uniti sita kila usiku, na kila uniti kwa kundi la wateja wa umeme alilomo ni karibu shilingi 350: shilingi 2,100 zinateketea huku mlango una kufuli.

Nikaziseti zote zilale zikikaa dakika kumi bila kuguswa. Hapo niliharakisha.

Kesho yake ikaja simu: "Fundi, printa imegoma, na hapa watu wanne wananisubiri." Printa imechomekwa kwenye kompyuta ya kaunta, na zile nyingine zinachapisha kupitia hiyo. Ikilala yenyewe, kwa wengine printa ni kama haipo. Wiki ileile umeme ukakatika wakati binti mmoja wa chuo ametoka kidogo kununua chakula, kompyuta imelala na ukurasa wake bado uko wazi. Programu ilimrudishia sehemu kubwa ya kazi, lakini aya za mwisho hazikurudi. Nilimkuta bado amekaa pale, anaziandika upya kwa kukumbuka.

Ndiyo maana wako wanaokataa kabisa habari ya kulaza kompyuta, na hoja yao ina uzito. Kompyuta iliyolala huweka kazi iliyo wazi kwenye memori, na memori hiyo lazima iendelee kupata umeme, wati mbili au tatu hivi. Umeme ukiondoka, kilichomo kinaondoka nao. Haibaneti ni tofauti: kazi inaandikwa kwanza kwenye diski, ndipo mashine inazimika kabisa, na hata ukikata umeme kutwa nzima utaikuta. Gharama yake ni muda wa kuamka, hasa kwa diski za zamani zinazozunguka. Windows ina njia ya kati kwa kompyuta za mezani, inayofanya yote mawili kwa pamoja: kuweka kwenye memori na kunakili kwenye diski. Kwenye mashine zile ilikuwa imezimwa, na sikuangalia.

Kwa upande wa pili, wanaosema "acha ziwake, kuwasha na kuzima kunaua mashine" siwaungi mkono. Kinachoumiza zaidi ni umeme kukatika ghafla diski ikiwa inaandika, na ule unaorudi kwa kishindo. Yote mawili yanaikuta mashine iliyoachwa ikiwaka.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuchukulia skrini na kompyuta kama kitu kimoja. Ni mipangilio miwili tofauti. Skrini ikizima, hakuna kazi inayopotea: ukigusa kipanya inarudi. Tena inasitiri, maana kwenye steshenari skrini huonyesha vyeti na namba za vitambulisho vya watu, na kila anayepita nyuma anasoma. Na picha zile zinazoelea kwenye skrini haziokoi umeme. Zilianza enzi za skrini nene za kioo, ili picha moja isiunguze alama kwenye kioo. Taa ya nyuma inawaka vilevile.

Energy Star, mpango ulioanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 1992, unapendekeza skrini izime ndani ya dakika 5 hadi 20, na kompyuta ilale baada ya 30 hadi 60. Kwa duka lile nimechukua dakika tano kwa skrini, na 45 kwa kompyuta za wateja, na ile njia ya kati nimeiwasha. Ya kaunta hailali mchana. Usiku zote zinazimwa na soketi inazimwa. Zikilala badala ya kuzimwa, sita zote zingekula kama shilingi 100 tu kwa usiku, kwa hiyo hapo sipiganii Luku. Napigania radi za masika na umeme unaorudi usiku wa manane.

Laptopu zina shida yake. Nyingi za siku hizi zikilala bado zinachungulia intaneti, na mtu anaitoa kwenye begi ikiwa ya moto na chaji imekwisha. Hizo naziseti zikifunikwa ziende haibaneti.

Mama amekubali yote isipokuwa jambo moja. Skrini zikiwa nyeusi, anasema, mteja anayepita barabarani anadhani hakuna umeme, anakwenda duka la mbele. Nilitaka kubisha, kisha nikasimama nje nikatazama ndani mwenyewe. Skrini moja inayotazama mlango tumeiacha iwake kutwa: wati 20 kwa saa kumi ni shilingi 70.