Usinitumie picha, niambie mko wangapi

Juzi nimetumiwa na mteja picha ya keki. Stepu nne, nyeupe pee, ya pili haijaigusa ya tatu, katikati ni maua matupu yanayomwagika mpaka kwenye meza. Chini yake kaandika: "Dada naomba kama hii hii, ila iwe ya krimu, fondanti hatuipendi, shughuli Jumamosi saa saba mchana, tupo bustanini." Nikamjibu kwa upole wote niliojaliwa kwamba krimu haitasimama hivyo juani, nikampa na njia mbili nyingine za kupata kitu kizuri cha kukaribia hapo. Jibu likarudi: "Mbona huyu kaweza?"

Huyu kaweza nini jamani? Ile ni dami! Ni lile povu jeupe linalokuja kwenye boksi la TV, limekatwa duara, likavalishwa fondanti (ule unga wa sukari unaosukumwa kama chapati ukafunika keki), mtu akakaa nalo siku kadhaa chumbani kwenye kiyoyozi analipamba, akapiga picha, akalala zake. Haliozi, halina uzito, halijui joto, na hakuna mtoto aliyewahi kulichomeka kidole. Na wala sisemi ni dhambi, dami ni kazi halali, watu wanazitengenezea maonyesho, hata kwenye harusi kubwa unakuta stepu za juu ni dami na keki yenyewe ya kuliwa inakatwa jikoni wageni hawana habari. Tatizo linaanza picha ikishatembea simu hadi simu bila maelezo mpaka ikafika kwako, nawe ukaniletea mimi kama kielelezo mahakamani.

Sasa ngoja niseme kitu kuhusu siagi ya kwenye krimu maana naona hatuelewani hapo. Siagi inalegea mapema sana, ikifika nyuzi joto 32 hadi 35 hiyo imeshakuwa maji. Mdomo wako una joto kuliko hapo, ndio maana ile krimu ukiiweka ulimini inapotea yenyewe na wewe unafumba macho. Huo ndio utamu unaoulipia. Kitu kinachoyeyuka mdomoni kitayeyuka na bustanini, hakuna mjadala, hakuna maombi. Naweza kutumia mafuta magumu ya mboga badala ya siagi, hayo yatasimama kidogo, ila wageni wako wataondoka na ulimi umepakwa nta. Naweza kuivalisha fondanti, umeshasema hamuipendi (na kweli nimeona kwenye shughuli nyingi watu wanaimenya wanaiacha pembeni ya sahani, vipande vya sukari vya rangi rangi, kazi yangu ya usiku kucha). Halafu hiyo fondanti nayo ukiiweka kwenye friji ukaitoa kwenye joto inatoka jasho, rangi nyekundu inashuka taratibu kwenye nyeupe na hapo ndio mtu anapiga simu.

Na uzito. Keki laini inayobonyea haibebi keki nyingine. Ili stepu zipandane lazima kila moja ikae kwenye kibao chake, na ile ya chini ichomekwe vijiti vilivyokatwa urefu sawasawa, uzito ushuke kwenye vijiti usishuke kwenye spongi, yaani keki yenyewe. Zile unazoona zinaelea kuna nguzo au chuma ndani, kumefichwa na maua. Hivyo vitu vinapangwa kabla unga haujachekechwa. Huwezi kuniambia Ijumaa jioni "tuongeze stepu moja dada".

Ila kinachoniuma zaidi sio hata hayo ya joto na vijiti, hayo ni ufundi, nimeyazoea. Kinachoniuma ni kwamba picha inamfukuza mwenye sherehe kwenye keki yake mwenyewe. Unaniagizia keki ya mtoto wako na hujaniambia chochote kuhusu mtoto wako. Anapenda nini, anaogopa nini, anakula chokoleti au anaitema, hapana, nimeletewa keki ya mtoto wa watu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, mwenye twiga na puto na mawingu, na mwanao hajawahi hata kutamka neno twiga. Kwa nini twiga? Kwa sababu twiga wamejaa Pinterest, ule mtandao wa picha, basi.

Kuna mama mmoja alinipigia akaanza kuomba radhi eti "najua ni ajabu, mwanangu anapenda lori la taka". Nikamwambia mama usiniombe radhi, endelea. Ikawa kila lori likipita mtaani kijana anakimbilia dirishani na anajua kabisa linanyanyuka vipi. Tukatengeneza lori la kijani, spongi ya chokoleti ngumu kidogo ili ikatike vizuri, magurudumu biskuti, na kule nyuma nikajaza takataka: biskuti zilizosagwa, vipande vya chokoleti, na mifuko midogo ya fondanti nyeusi iliyofungwa shingo. Ile nyeusi nilianzia kwenye kakao maana ukianzia nyeupe utamwaga kopo zima la rangi na keki itakuwa chungu. Mama aliniambia mtoto alianza kula takataka kwanza, mfuko mmoja mmoja, akakataa kabisa mtu kukata lori. Hiyo keki picha yake imetoka vibaya, taa ilikuwa ya njano. Sijali.

Haya, nakubali picha ina msaada wake, wengine mnashindwa kuelezea rangi kwa maneno na "zambarau iliyopoa" ya kila mtu ni yake. Na wapo wenzetu kwenye fani wanaopachika kazi za watu kwenye kurasa zao na kuandika "oda ziko wazi", halafu mteja akipokea kitu kimeinama anatuchukia wote. Hao mkiwakamata msiwaonee huruma.

Bei leo sigusi nitaandika matusi. Ila hii moja tu: mtu anaposema "niongezee inchi mbili tu" kutoka upana wa nane kwenda kumi, kaa chini upige hesabu ya duara. Nusu ya nane ni nne, nne mara nne 16. Nusu ya kumi ni tano, tano mara tano 25. Hapo keki imeongezeka zaidi ya nusu, unga, mayai, krimu, kila kitu, na wewe unasema tu.

Usafiri: sakafuni mwa gari, sio kwenye kiti, viti vimeinama. Na sio mapajani mwa shangazi.

Mwisho ni ule unga unaong'aa, maana na wenyewe unakuja kwa njia ya picha. "Dada iwe ya dhahabu kabisa, iwake kwenye kamera." Mwaka 2018 kule Rhode Island, Marekani, watoto sita waliugua tumbo baada ya kula keki ya birthday iliyopakwa unga wa dhahabu-waridi, ukapimwa ukakutwa umejaa shaba. Mwaka uliofuata Missouri, mtoto wa mwaka mmoja akakutwa na madini ya risasi kwenye damu na ikaonekana yametoka kwenye unga wa namna hiyo hiyo uliowekwa kwenye keki ya birthday yake. Mwaka mmoja! Hizo kopo nyingine ni za kupambia maua ya kuangalia tu, kuandikwa kwamba haina sumu haitoshi, lazima iandikwe kwamba inaliwa na viambato viorodheshwe. Kwa hiyo kopo lisilo na orodha ya viambato halipandi kwenye keki yangu, hata ukisema mtaubandua kabla ya kula, hata ukisema huyu wa kwenye picha kaweka. Nitakupa njano nzuri ya rangi ya jeli, tulivu, na kama kamera yako haiioni basi badilisha kamera.