Plagini ikifa, nani ataifufua?

Kibanda cha shemeji yangu kiko Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Ndani kuna kompyuta ya mezani inayoendeshwa na Linux, na humo kuna mafaili mengi ya ngoma za Kisukuma yaliyotolewa kwenye kaseti. Jina la faili utakuta "Track 07", basi. Mteja anakuja na flashi yake: "Shikamoo mzee, naomba ile ya Wagika waliyopiga Bujora." Wagika ni upande mmoja wa ngoma za Kisukuma, wapinzani wao ni Wagalu. Shemeji anaanza kufungua wimbo mmoja mmoja, na foleni inakua.

Tukakubaliana kutafuta programu huria ya kupanga na kucheza muziki. Ubishi ukaanza hapo. Yeye anataka Strawberry, iliyokuja na kila kitu chake. Mimi nataka Quod Libet, ambayo mtu anaweza kuiongezea plagini, yaani vijiprogramu vya kuipa uwezo zaidi.

Hoja yake si ya kubeza. Amarok 1.4, programu ya muziki ya zamani, ilipendwa sana enzi zake. Desemba 2008 likatoka toleo la 2.0, limeandikwa upya karibu lote, na watu wakaamka hawavioni vitu walivyovizoea. Hata skripti walizozitungia 1.4 zikawa hazina pa kuishi. Manung'uniko hayo ndiyo yaliyozaa Clementine mwaka 2010, na mwaka 2018 Strawberry ikachipuka kutoka Clementine. Zote mbili hazikushika njia ya plagini: unachotaka kimo, au hakimo. Songbird ilikwenda kinyume kabisa. Ilijengwa juu ya msingi wa Mozilla, ikapokea nyongeza kama Firefox, halafu mwaka 2013 ikafungwa na nyongeza zake zikabaki yatima. Rhythmbox bado iko hai, lakini plagini zake zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python 2 zilibidi zihamishiwe Python 3. Ambayo mwandishi wake alishaoa, akahamia kazi nyingine na kusahau, ilikufa pale pale. Shemeji anauliza, "Sasa shem, ikifa yako wewe ukiwa Sengerema, nani ataifufua?"

Swali hilo lilinikalia shingoni, kwa sababu limeshatokea. Niliandika plagini fupi ya Quod Libet inayonakili nyimbo kwenye flashi na kuandika tarehe na idadi kwenye daftari la mauzo. Siku moja mteja akaja na flashi yenye nafasi katikati ya jina lake, plagini ikagoma. Kosa langu mwenyewe. Ila ilikuwa faili moja la maandishi ndani ya folda, nikamwelekeza shemeji kwa simu abadilishe mstari mmoja. Kwa DeaDBeeF, programu nyingine ya muziki, nisingeweza: plagini zake huandikwa kwa lugha ya C, lazima kwanza zigeuzwe upya ziwe kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha, na bando la kupakua vifaa vya kazi hiyo lingekula faida ya wiki.

Lakini kiini cha ubishi wetu ni lebo, yaani maelezo ya wimbo yanayoandikwa ndani ya faili lake. Strawberry inaweza kuutambua wimbo kwa sauti yake, ikauliza MusicBrainz, hazina ya taarifa za muziki mtandaoni, ikajijazia jina la msanii. Kwa bongo fleva huenda ukafurahi. Kwa ngoma iliyorekodiwa kijijini Magu kwa redio ya kaseti, utasubiri sana. Visanduku vyake vya kujaza navyo ni vile vile vya siku zote: msanii, albamu, aina. Manju, yule mtunzi na mwimbaji wa ngoma, utamweka wapi? Upande je, Wagika au Wagalu? Quod Libet inakuruhusu ubuni lebo yoyote, ukaandika "upande", "manju", "kijiji", kisha ukatafuta upande=wagika na orodha ikashuka. Hapa hata plagini sihitaji. Upanuzi wenye faida kubwa kwetu ni huu wa lebo, na watu wengi wakilinganisha programu huhesabu plagini tu.

Nao una dosari yake. Kwenye mafaili ya FLAC na Ogg lebo hizo hukaa vizuri, lakini kwenye MP3 huhifadhiwa kwa alama ya Quod Libet yenyewe, na programu nyingine nyingi hazitazionyesha. Redio ya bajaji ndiyo kabisa. Yaani nimemwepusha shemeji na utegemezi wa plagini, nikamfunga kwa lebo.

Kwa hiyo tumefanya hivi: lebo tunazijaza kwenye Quod Libet, na upande na kijiji tunavirudia kwenye sehemu ya maoni, ambayo Strawberry inaisoma. Ni kazi mara mbili, na shemeji haachi kulalamika. Plagini ya daftari nimemwachia kwenye folda, na mstari ule wa flashi nimeuandikia maelezo kwa Kiswahili juu yake. Mpaka sasa tumemaliza kaseti 11. Tatu kati ya hizo wazee wa pale Mwaloni wanabishana ni za upande gani, na kisanduku cha "upande" bado kitupu.