Pedi mpya, diski imechoka

Jamani hii tabia ya kununua pedi mpya za breki halafu unazifunga kwenye diski iliyoisha, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, inanikera mno, yaani ukipitisha kidole pembeni unakutana na ukingo umesimama kabisa, katikati pameliwa, na unene mdogo kabisa unaoruhusiwa mara nyingi umegongwa palepale kwenye chuma lakini nani asome! Halafu mtu huyohuyo bajeti imembana anakwambia anataka diski za matundumatundu, eti gari lishike breki kama la mashindano. We gari la kwenda kazini na kurudi, matundu ya nini? Chukua diski za kawaida, pedi zenye ubora, badilisha kushoto na kulia pamoja, chenji ikibaki mwaga oili ya breki ya zamani weka mpya, hiyo ya zamani imeshanyonya unyevu mpaka basi.