Fundi ana makosa yake, ila udongo tunausahau

Ardhi ikitikisika huku kwetu Uganda, wa kwanza kulaumiwa ni fundi. Amekula simenti, nondo kaweka nyembamba, injinia hata saiti hakufika. Na hawakosei hao wanaosema hivyo, maana lile tetemeko la Bukoba, kule Tanzania, la 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba mpaka Rakai, na kuta za udongo na tofali zisizofungwa kwa linta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, ndizo huwa zinatangulia kuanguka. Toro 1966 na Fort Portal 1994 mambo yalikuwa hayo hayo. Hapo sina ubishi.

Lakini Niigata kule Japani mwaka 1964 kuna fleti zililala ubavu zikiwa nzima, yaani kuta ziko sawa, zege halijapasuka sana, ila mchanga uliojaa maji chini yake uligeuka kama uji. Sasa hapo fundi unamshika kwa kosa gani?

Halafu Mexico City, 19 Septemba 1985. Tetemeko lenyewe lilitokea pwani, kama kilomita 350 huko. Mtambo wa kupima uliokuwa upande wa mwamba mgumu ulipima mtikisiko wa asilimia 3 au 4 tu hivi ya nguvu ya mvutano wa dunia, na ule uliokuwa kwenye tope la ziwa la zamani ukapima karibu asilimia 17. Mji mmoja, tetemeko lile lile, asubuhi ile ile, na huyu katikiswa mara nne au zaidi kuliko mwenzake! Tena tope lilichagua. Lilikuwa linayumba kwenda na kurudi kila sekunde 2 hivi, na majengo ya ghorofa 6 mpaka 15 ndiyo yaliyoumia zaidi kwa sababu muda wao wa kuyumba ulikuwa karibu na huo, ni kama bembea, ukiisukuma kwa zamu yake inazidi kupanda hata kama mkono wako hauna nguvu. Nyumba fupi nyingi za jirani zilibaki zimesimama.

Sasa njoo Kampala. Juu kilimani ardhi ni ngumu, bondeni Bwaise, Lubigi, Nakivubo ni kinamasi cha mafunjo, watu wanamwaga maramu, ule udongo mwekundu wa kujazia, wanajenga. Mainjinia wana hesabu yao fupi ya muda ambao tope linayumba kwenda na kurudi mara moja: unene wa tope zidisha kwa 4, gawanya kwa spidi ya mawimbi ya tetemeko ndani yake. Tuseme tope ni mita 15 na mawimbi yanapita mita 100 kwa sekunde, unapata sekunde 0.6. Na muda wa jengo kuyumba hukadiriwa sekunde 0.1 kwa kila ghorofa, kwa hiyo fleti ya ghorofa 6 nayo ni 0.6. Fleti za kimo hicho hicho ndizo tunazopandisha! Yale maramu ya mita moja au mbili yanakupa pa kupitisha lori, tope la chini liko pale pale.

Kuna wanaosema mwamba nao si kinga, na ni kweli, nyumba fupi ngumu iliyo karibu na chanzo inapigwa na mitikisiko ya haraka ambayo mwamba unaipitisha vizuri tu, na watu wa miteremko ya Rwenzori wana maporomoko juu ya hayo. Wengine watakwambia Tokyo imejengwa sehemu kubwa kwenye udongo laini na inasimama. Sawa, lakini Tokyo wanapima kwanza, wanashindilia nguzo mpaka wafike kwenye ardhi ngumu, na gharama hiyo inaamuliwa kabla ya msingi. Ghorofa ikishafika ya tatu huwezi tena kurudi chini.

Juzi shemeji alinionyesha bajeti ya fleti anayotaka kujenga bondeni. Simenti ipo, nondo, kokoto, trip za maramu, mpaka rangi ya geti imeandikwa. Nikamuuliza ya kupima udongo iko wapi, akageuza karatasi akaangalia nyuma.